Kwa Nini Wameacha Kuzitengeneza?

Mtu yeyote aliyewahi kupenda chombo cha sauti anaijua huzuni hii. Unazisikia spika nyumbani kwa rafiki, zinakuingia moyoni, unadunduliza fedha mwaka mzima au miwili, na siku unapokwenda dukani muuzaji anakutazama kwa huruma na kukwambia, "Hizo hawatengenezi tena." Hapo ndipo huzaliwa swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote katika miaka zaidi ya thelathini niliyofanya kazi ya ufundi wa sauti redioni. Kama kitu kilikuwa kizuri, na watu walikipenda, na fedha za kukinunua walikuwa nazo, kwa nini wakaacha kukitengeneza?

Jibu ambalo wengi wamekwisha kulishika hata kabla hawajauliza ni kwamba wenye viwanda ni watu wa tamaa, wanakiua kizuri cha jana ili tununue kipya cha leo. Siwezi kusema jibu hilo ni la uongo. Lakini nimejaribu kufuatilia jinsi spika kadhaa zilizopendwa sana zilivyofikia mwisho wake, na nimeona kwamba mara nyingi mwisho wenyewe ulianzia mahali padogo ambapo msikilizaji hapaoni: karatasi fulani, plastiki fulani, kiwanda kimoja kilichokuwa kikitengeneza kipande kimoja. Ni kama mgahawa uliosifika mji mzima kwa mchuzi wake wa samaki, halafu ukafungwa kwa sababu mvuvi mmoja amezeeka na wanawe hawataki bahari.

Niruhusu, msomaji, nianze na spika ninayoijua kuliko zote, kwani jozi yake ipo hapa kwangu Tanga. Inaitwa LS3/5A. Jina ni kavu kama namba ya jalada la serikali, na si ajabu, maana haikubuniwa kwa ajili ya duka. Ilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na wahandisi wa shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, kwa shida ya kikazi kabisa. Ndani ya magari ya matangazo ya nje nafasi ni finyu, spika kubwa haziingii, na kusikiliza kwa hedifoni saa nyingi kunachosha na kunadanganya. Walihitaji kisanduku kidogo ambacho fundi angeweza kukiamini. Walichopata kina kimo cha sentimeta 30 na upana wa sentimeta 19, na uzito wa kilo tano na ushei. Ukikiweka rafuni mgeni atadhani ni redio ya zamani.

Ndani yake mna kazi nyingi kuliko umbo linavyoonyesha. Boksi ni la plaiwudi ya mti wa birch yenye unene wa milimita 12 tu, na kuta zake zimebandikwa vipande vizito vya lami ili zisiimbe zenyewe. Wufa yake ndogo inaitwa B110, na koni yake si karatasi bali ni plastiki iitwayo Bextrene. Twita inaitwa T27, nayo imezungushiwa felti pande zote. Zote mbili zilitoka KEF, kampuni ya Maidstone, Kent, iliyoanzishwa mwaka 1961 na Raymond Cooke, ambaye mwenyewe aliwahi kufanya kazi BBC. Kati ya wufa na twita imekaa saketi ya kugawa sauti, krosova kama wasemavyo mafundi, yenye vipande vingi kupita kawaida ya spika ya ukubwa huo. Kila moja ilibidi irekebishwe kwa mkono ili ikubaliane na wufa na twita zake, na ili spika ya kushoto isipishane na ya kulia.

Lakini linalonivutia zaidi ni jinsi walivyoipima. Taarifa yao ya mwaka 1976 ina majina ya H. D. Harwood, M. E. Whatton na R. W. Mills, na mapokeo ya idara yao kuhusu kupima spika yalikuwa ya zamani kuliko spika hii. Pamoja na vipimo vya mitambo, walikuwa wakimweka mtu studioni azungumze mbele ya maikrofoni, na katika chumba cha pili spika ikatoa sauti yake. Mhandisi humsikiliza mtu mwenyewe, kisha huvuka mlango akaisikiliza spika, kisha akarudi tena kwa mtu. Hakuwa akijiuliza kama spika ni tamu. Swali lake lilikuwa moja: je, huyu ni yule? Nao walipenda sauti ya mtu anayezungumza kuliko muziki, kwa sababu hakuna sauti tunayoijua tangu utotoni kama hiyo. Kinanda kikibadilika kidogo ni fundi tu atakayegundua. Mama yako akipata mafua unagundua kabla hajamaliza salamu.

BBC hawakuwa na kiwanda cha kuuza spika. Waliwapa kibali watengenezaji mbalimbali, wakiwamo Rogers, Chartwell, Audiomaster, Spendor, Harbeth na Goodmans, nao wakauza kwa yeyote mwenye fedha. Wasikilizaji wa nyumbani wakaipenda spika ya gari la matangazo, kwanza Uingereza na baadaye Japani na Hong Kong, ambako nyumba ni ndogo na wapenzi wa muziki ni wengi. Zikauzwa makumi ya maelfu.

Sasa tazama ilivyokufa. Kila kampuni niliyoitaja ilitegemea wufa ile ile na twita ile ile kutoka kwa KEF. Kadiri miaka ilivyopita B110 ilianza kuhama polepole kutoka katika tabia yake ya awali. Mashine, gundi na plastiki havikai vilevile miaka kumi, na zile zilizofaa kwa LS3/5A zilizidi kuwa chache. Kwa hiyo kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 ilibidi krosova ibuniwe upya ili iendane na wufa kama zilivyokuwa zimekuwa. Tangu hapo kuna LS3/5A za omu 15 na LS3/5A za omu 11, na mashabiki wamegawanyika makundi mawili hadi leo kama Simba na Yanga. Mwaka 1992 KEF yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya Hong Kong, Gold Peak. B110 ilikuwa spika ya enzi nyingine, na wateja wake wakubwa walikuwa watengenezaji wengine waliokuwa wakishindana na KEF dukani. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1990 KEF waliacha kuitengeneza, na mwaka 1998 hivi LS3/5A ikakoma. Hakuna aliyekaa mezani akasema spika hii ni mbaya, tuiondoe. Wufa ilikwisha, basi.

Wengine watauliza kwa nini wasingetafuta wufa nyingine. Hapo ndipo ugumu ulipo. Spika iliyopangwa kwa uangalifu kiasi kile ni kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Ukibadilisha mtu inabidi ubadilishe kanzu, na ukiisha kuibadilisha wenye kuipenda watakwambia si ile.

Kifo cha pili ninachokijua ni cha Yamaha NS-10, ile yenye koni nyeupe ambayo hata mtu asiyejua jina lake ameiona katika picha za studio za muziki. Hii nayo ina kisa cha kuchekesha. Ilitoka mwaka 1978 kama spika ya nyumbani, na kama spika ya nyumbani haikuwapendeza wengi: sauti kali, besi haba. Lakini mafundi wa studio wakaiweka juu ya meza ya kuchanganyia, wakaona kwamba kasoro yoyote ya muziki inajitokeza mbele yao waziwazi. Waliokerwa na ukali wa twita walibandika karatasi ya chooni mbele yake, wakabishana hata juu ya karatasi ipi ni nzuri zaidi. Mwaka 1987 Yamaha wakatoa toleo la studio lenye twita iliyotulizwa. Nami nimefanya kazi na jozi moja ya hizo kwa miaka kadhaa. Sikuwahi kuzipenda, na kila kazi niliyoipitisha kwake niliweza kuisikiliza popote bila kuona haya.

Mwaka 2001 Yamaha walitangaza kuacha kuitengeneza. Sababu waliyoitoa ni kwamba massa ya mbao yaliyotengenezea karatasi ya koni ile nyeupe hayapatikani tena. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton walipima spika nyingi za aina hiyo, na moja ya mambo waliyoyaonyesha ni kwamba NS-10 hunyamaza haraka kuliko nyingi za wenzake: sauti ikikoma, spika nayo inakoma, haiburuzi mkia wa besi nyuma yake. Yaani sababu ya kupendwa kwake ilielezwa kwa vipimo mwaka uleule ilipozikwa. Mwaka 2008 ikapewa tuzo ya ufundi ya Grammy, heshima ambayo aghalabu huwafikia marehemu.

Zipo pia zinazokufa kwa sababu ya kuzaa. Spika ya Quad isiyo na koni kabisa, ile ya Peter Walker inayotumia utando mwembamba na umeme wa volti nyingi, iliingia sokoni mwaka 1957. Mwaka 1981 Quad wenyewe wakatoa ESL-63, iliyokuwa bora kwa mambo mengi, na mwaka 1985 ile ya kwanza ikakoma. Hapo huwezi kumlaumu mtu. Lakini wapo hadi leo wanaoapa kwamba mama alikuwa na jambo ambalo mtoto hakurithi.

Na za siku hizi je? Mpwa wangu, mtoto wa dada, alinunua spika ndogo za kisasa zenye amplifaya ndani, zinazopokea muziki kutoka kwenye simu. Hazijatimiza miaka miwili akaambiwa kwamba mtindo ule umeondolewa. Alikuja kwangu na malalamiko kana kwamba mimi ndiye mwenye kiwanda. Nikamweleza kwamba spika yake ni kompyuta yenye koni. Inategemea vipande vidogo vya kielektroniki ambavyo mtengenezaji wake hana mamlaka navyo, na kipande kimoja kikikosekana ni lazima saketi nzima ichorwe upya. Mwezi Oktoba 2020 kiwanda cha AKM kule Nobeoka, Japani, kiliungua kwa siku kadhaa. Kilikuwa kikitengeneza vijipande vinavyogeuza tarakimu kuwa sauti, na moto ule mmoja uliwalazimisha watengenezaji wengi wa vyombo vya sauti duniani kubadili miundo yao. Basi tofauti ya Bextrene na kijipande cha AKM ni kwamba cha kwanza kilichukua zaidi ya miaka ishirini kuisha.

Mazungumzo hayo ndiyo yaliyoleta shughuli ninayotaka kusimulia. Mpwa wangu alikuwa amesoma kwamba LS3/5A zimefufuliwa. Ni kweli. Malcolm Jones, yule yule aliyebuni B110 na T27 enzi zake KEF, alishirikiana na kampuni ya Falcon, aliyoianzisha mwenyewe mwaka 1972, na wufa na twita zikatengenezwa tena, Bextrene na yote, na mwaka 2014 spika ya omu 15 ikarudi sokoni ikiwa na kibali cha BBC. Wapo na wengine wanaotengeneza za kwao. Bei ya jozi ni zaidi ya pauni elfu mbili. Kijana alikuwa na fedha ya kuezekea nyumba anayoijenga Pongwe, na nilimwona machoni kwamba bati limeanza kupoteza.

"Mjomba," aliniuliza, "hizo mpya ni zilezile?"

Sikutaka kumjibu kwa hisia, maana wapenzi wa spika tunajibu kwa hisia kuliko mashabiki wa mpira. Nimekaa na watu wazima wenye shahada wakibishana kama LS3/5A za Rogers zenye kibandiko cha dhahabu zinashinda zenye kibandiko cheusi, ilhali ndani ni wufa ileile, na kibandiko hakijawahi kupitisha umeme. Na bei ya mkononi inafuata kibandiko.

Kulinganisha spika kwa haki ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, na ugumu wa kwanza ni ukubwa wa sauti. Katika spika mbili, ile inayotoa sauti kubwa kidogo, hata kwa kiasi ambacho huwezi kukitambua kuwa ni ukubwa, utasema ni nzuri zaidi, ina uhai zaidi. LS3/5A ni mvivu: kwa umeme uleule hutoa kama desibeli 82 au 83, wakati NS-10 hutoa 90. Ukizibadilisha kwenye amplifaya bila kugusa kitasa, umekwisha kuamua shindano kabla halijaanza. Mahali nako kunahukumu: sogeza spika ndogo karibu na ukuta, besi inaongezeka, iweke pembeni ya chumba, inazidi. Halafu kumbukumbu. Uso wa mtu unaweza kuukumbuka miaka ishirini, lakini ladha hasa ya sauti ya spika hukutoka katika muda wa kuchomoa waya na kuuchomeka. Unachobaki nacho ni maneno uliyojiambia kuihusu.

Zaidi ya yote ni macho. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, wakiwa kampuni ya Harman kule Marekani, waliwakalisha wafanyakazi wa kampuni hiyo wasikilize spika nne wakiwa wanaziona, na tena zikiwa zimefichwa. Mojawapo ilikuwa ndogo na ya bei nafuu. Zilipoonekana, ile ndogo iliporomoka na kubwa za kifahari zikapanda. Zilipofichwa, tofauti ile ikayeyuka kwa kiasi kikubwa. Hao walikuwa watu wanaoishi kwa kazi ya sauti. Sembuse mimi na mpwa wangu.

Basi nilimwambia tuzifiche nyuma ya kanga.

Na kwa kuwa spika za Falcon hatukuwa nazo, hatukuwa na uwezo wa kuzilinganisha na zangu. Hilo nililisema tangu mwanzo. Lakini tungeweza kujua jambo ambalo ni la msingi zaidi: kama zangu, za mwaka 1984, nilizozinunua mkononi mwa mtu nilipokuwa masomoni Uingereza mwaka 1991, bado zinafanya kazi ile zilizobuniwa kuifanya, na kama kazi hiyo inamhusu kijana wa leo mwenye spika zinazopokea simu. Kama jibu ni hapana, zile mpya angezinunulia nini?

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, tunaishi naye. Umri wake umepita themanini na sauti yake bado inafika barabarani. Tulimrekodi uani alfajiri, kabla pikipiki hazijaanza, kwa maikrofoni nzuri, na uani kwa makusudi: ukimrekodi mtu chumbani na kumsikiliza chumbani unakuwa umesikia vyumba viwili. Tulimwomba aseme lolote. Akaeleza jinsi soko la Ngamiani lilivyokuwa zamani, akamsema vibaya muuza nazi mmoja ambaye amekwisha kufa, na katikati, bila kuambiwa na mtu, akamwita mke wa mpwa wangu amletee maji. Kisha akasema amechoka na hataki tena.

Jioni tukafunga kanga mbili kwenye kamba sebuleni, spika za aina zote mbili nyuma yake, pande kwa pande. Ukubwa wa sauti tuliulinganisha kwa kipimo cha kwenye simu. Shangazi tulimweka kitini kando ya kanga, ili tumsikie yeye akizungumza, kisha tuisikilize spika, kisha yeye tena, kama walivyofanya wale wahandisi. Mtoto wa jirani ndiye aliyekuwa akibadilisha, nasi hatukujua ni ipi.

Nilikuwa na tatizo moja la kwangu binafsi. Nina miaka 68. Daktari aliyenipima masikio miaka mitatu iliyopita alinionyesha mchoro ambao baada ya mitetemo 6,000 kwa sekunde mstari wake unashuka kama mtu aliyekosa ngazi. Yaani herufi "s" na "sh" za Shangazi nazisikia nusu, na kazi ya twita siwezi kuihukumu tena. Spika ninazozisifu tangu 1991 nilizipenda kwa masikio ambayo sinayo. Kwa hiyo tulikubaliana: kijana ahukumu juu, mimi nihukumu katikati na chini.

Shangazi mwenyewe hakufaa kuwa hakimu. Kila mtu hujisikia kwa njia ya mifupa ya kichwa chake, na sauti yake iliyorekodiwa humshangaza. "Huyo kikongwe ni nani?" aliuliza, na spika zote mbili akazikataa.

Spika ya kwanza ilitoka safi, pana, herufi kali zimechongoka. Mpwa wangu aliandika kwenye karatasi yake: "Nzuri, lakini kama ya redio." Ya pili ilikuwa na kitu katikati, kifua na pua ya Shangazi pamoja, pengine pua imezidi kidogo. Ndipo lilipofika lile neno lake la kumwita mke wa mpwa wangu, na kutoka jikoni, ambako hakujua tunafanya nini, tukasikia: "Abee, Bibi!" na kikombe cha maji kikaja.

Sidai kwamba huo ni ushahidi. Yamkini mara ya kwanza alikuwa akikuna nazi hakusikia. Mtoto alipofunua kanga tukaona ya pili ni LS3/5A, na mpwa wangu akataka turudie, kama ilivyostahili. Tulirudia mara nne kwa vipande vingine vya maneno, na mara tatu kati ya nne sote wawili tulichagua kisanduku cha zamani kuwa ndicho kilicho karibu zaidi na yule mama aliyekaa kitini. Mara ya nne tulipishana.

Kisha ikawa zamu ya muziki. Tukaweka dansi, gitaa tatu na ngoma, na kijana akaongeza sauti mpaka pale anapopenda yeye. Hapo hapakuwa na shindano. Wufa ndogo ya Maidstone ilihema, na ya kushoto ikaanza kukwaruza. Spika zake za kisasa zilicheza kana kwamba zimezaliwa siku ileile. Nilizima upesi, maana mkwaruzo ule niliujua: koili imeanza kugusa sumaku, na B110 iliyokwaruza haiponi kwa dua.

Usiku ule tulizungumza hadi saa sita. Nilimwambia nilivyoona. Kama anataka spika ya kusikilizia watu wakizungumza, waimbaji wa taarabu, kinanda na fidla kwa sauti ya kistaarabu, hajapata kutokea kisanduku kidogo ninachokiamini zaidi. Kama anataka kucheza muziki na wenzake siku ya Idi, tayari anazo spika bora kuliko zangu, na kwamba kiwanda kimeziondoa hakujapunguza hata nukta moja ya ubora wake. Na zile mpya, kwa kadiri ya taarifa zote, zimetengenezwa kwa uaminifu na mtu mwenye haki ya kuzitengeneza. Lakini pauni elfu mbili ni bati na mbao za nyumba ya vyumba vitatu, na masika hayasubiri.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Na hizi zako, mjomba, utaziuza?"

Ombi la kuziuza nilikuwa nalo kweli. Rafiki wa Nairobi anamjua mtu anayenunua jozi za omu 15 hata zikiwa na ubovu, azichinje kwa ajili ya vipande, na bei yake si ya kupuuza. Krosova zangu, twita mbili nzima na wufa moja nzuri vingeweza kuzirudisha uhai spika za watu wengine watatu. Kwa hesabu hilo ndilo jambo la busara. Lakini Shangazi alikuwa amelala chumba cha pili, na mashine ya kurekodi ilikuwa bado mezani ikiwa na dakika arobaini za maneno yake, na nilikuwa nimekwisha kusikia kile kisanduku kilivyomleta. Nikamwambia hapana, na kwamba akitaka atazichukua mimi nikiwa sipo.

Ameezeka. Bati ni la rangi ya kijani, si chaguo langu. Mimi nimemwandikia mtu mmoja huko Uingereza anayekusanya B110 za zamani. Amejibu kwamba anazo mbili za miaka ileile, moja ameipima na ni nzuri, nyingine hana hakika nayo, lakini kabla ya kuzungumza bei anataka namba zilizopigwa nyuma ya wufa zangu, zote mbili, ili aone ipi itakubaliana na iliyobaki. Jana jioni nimefungua skrubu za mgongo. Ya kulia inasomeka vizuri. Ya kushoto wino umefifia, na nimemwomba mpwa wangu aje na macho yake Jumamosi.